Raketi ya Baba Claire

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Nathalie, yule dada anayemfanyisha mume wangu mazoezi, ameniambia niandike kila siku mkono umefanya nini. Nimekubali. Lakini mimi sijui kuandika habari za mkono peke yake, kwa hiyo nitaandika na yale yasiyomhusu, na akija kusoma ayaruke.

Basi, mkono: leo Godefroid ameshika kikombe cha chai mwenyewe, kwa kiganja kizima, kama watoto wanavyoshika. Kidole gumba na cha shahada bado havibani kitu. Kiharusi kilimpata mwezi wa Julai akiwa ameinamia injini ya mtumbwi kule bandarini, maana hiyo ndiyo kazi yake, kutengeneza injini za mitumbwi. Upande wa kulia ukalegea. Mguu umerudi, mdomo umenyooka, mkono ndio unaojikokota.

Lakini si mkono unaoninyima raha. Godefroid amekuwa mpole. Huyu ni mtu anayejulikana mtaa wetu mzima wa Kasuku, hapa Kindu, kwa ubishi, mtu aliyewahi kutumbukiza injini ya mteja mtoni kwa sababu mteja alijaribu kumfundisha kazi. Sasa nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia lala, analala. Leo nimempikia sombe, majani ya muhogo, bila chumvi hata punje, makusudi, nione atafanya nini. Amemaliza sahani akasema, "Aksanti, Mama Claire, iko muzuri."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Nimeolewa na simba, na hospitali imenirudishia kondoo.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana. Mkono: kijiko, kwa shida.

Jumapili, 15 Septemba

Nathalie alipitia kwetu baada ya ibada akaiona meza ya ping-pong chini ya hangari, kibanda chetu cha mabati. "Kumbe muko na meza?" akasema. "Papa Godefroid acheze! Hakuna dawa ya mukono inapita ile."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunika turubai tangu Julai, asiione. Tukaifunua. Godefroid akachukua raketi yake ya siku zote, akaishika vile anavyoishika siku zote, kwa kidole gumba na cha shahada, ubao ukining'inia chini. Nikamrushia mpira mwepesi. Raketi ikadondoka kabla mpira haujafika. Akaiokota, ikadondoka tena.

"Haina neno," akasema, akaenda kukaa.

Haina neno! Zamani angeivunja kwa goti, angemlaumu aliyeipaka gundi, aliyetengeneza meza, na mimi niliyerusha.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua tangu alfajiri, soko halina watu, vitenge vyangu sikuvitoa hata kwenye mfuko. Nina wakati wa kuandika.

Nathalie ameniuliza kwa nini mume wangu anashika raketi kama kalamu. Yeye amesomea Bukavu, ni kijana, vita vile anavisikia tu. Nikamwambia ukikuta mtu wa Kindu mwenye umri wetu anashika hivyo, usimuulize mwalimu wake nani, muulize alikuwa wapi mwaka 2002.

Mwaka ule mji ulikuwa umezingirwa. Wapiganaji nje, askari ndani, sisi katikati. Treni haikuja. Shambani hakuna aliyethubutu kwenda, na msituni kutafuta kuni ndiyo kabisa. Watu walichoma viti, walichoma vitanda, walichoma milango ya vyumba walivyoona si vya lazima. Mlango mmoja wa ghala ukasalimika kwa sababu vijana walikuwa wameulaza juu ya mapipa mawili wakaufanya meza. Kwa nini hawakuuchoma, sijui. Nadhani walihitaji kitu kimoja kisichokuwa chakula wala hofu.

Raketi walizichonga wenyewe kutoka kwenye mbao za makasha. Lakini mbao zilizobaki zilikuwa fupi mno, zikatosha ubao tu, mpini hapana. Ni kijipande cha kushikia cha urefu wa kidole. Juu wakabandika soli za sandali. Utashikaje kitu kama hicho? Utakibana kwa vidole viwili, kama kalamu. Hivyo ndivyo wote walivyojifunza. Mpira ulipobonyea waliutia kwenye maji ya moto ukavimba tena, na mtu aliyeupasua hakusemeshwa na wenzake.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na hakuna aliyekubali kunipa ubao. Nikachukua mwiko wa Mama, ule mkubwa wa kusongea ugali wa matanga, nikaupunguza kwa panga. Mama alinifukuza nyumba nzima. Lakini mwiko una mpini mrefu, nami nikaushika kama mwiko unavyoshikwa, kwa kiganja chote. Nikaenda kusimama mbele ya ule mlango. Upande wa pili alikuwa Godefroid, miaka tisa zaidi yangu, mdomo mrefu kuliko mikono. Neno la kwanza alilowahi kuniambia duniani ni hili:

"Dada, huku tunacheza. Bugali inasongwa kule."

Nilimchukia hadi mwezi wa nne uliofuata, ndipo nikagundua kwamba siku nisipokwenda kumchukia sili vizuri. Tulioana mwaka 2003, treni ya kwanza ilipokuwa bado inasubiriwa. Kumshinda sijawahi. Miaka yote hii, hata siku moja. Anajua kwamba mtu anayeshika kama mimi hupata shida mpira ukija kwenye kiwiko, maana hajui aupige kwa upande wa mbele au wa nyuma. Basi anaulenga hapo. Kiwiko, kiwiko, kiwiko, huku anacheka.

Amani ilipokuja, raketi za dukani zikaja pamoja nayo, zenye mipini mizuri. Wanaume wa Kindu wakazinunua, wakazipeleka nyumbani, wakakata mipini kwa msumeno. Nasema kweli. Mpaka leo wanakata. Mjini hapa huwezi kuazima raketi nzima kwa mwanamume wa miaka hamsini.

Nathalie alicheka sana. Kisha akasema: vidole viwili vya Godefroid huenda visirudi kama vilivyokuwa, lakini kiganja kinarudi. "Ashike sawa na wewe, Mama Claire."

Nikamtazama mume wangu, nikangoja tusi. Akasema, "Ndiyo."

Jumapili, 29 Septemba

Tumejaribu na raketi yangu. Mpini wake umenyooka na ni mwembamba, ni wa mkono wangu. Akapiga mpira wa tatu, raketi ikachomoka ikaruka hadi kwa jirani ikampata kuku. Jirani akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, kuku akapiga kelele. Godefroid akalipa fidia, akaomba radhi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mike, mfanyabiashara anayekwenda Goma kwa ndege kila mara, alikulia mtaa mmoja na Godefroid. Nimemwagiza raketi. Nimemwambia mara mbili: mpini mrefu, unaopanuka chini ili usichomoke mkononi, na iwe nyepesi. Akasema amesikia.

Jumatano, 9 Oktoba

Wakati tunangoja, Nathalie ametufundisha kitu. Mshiko mpya unaanza kama kusalimiana. Kila asubuhi ninyooshe mkono kama kwa mgeni, Godefroid anipe wake, ashike, kisha nichomoe mkono na kuingiza mpini mahali pale pale. Vidole vitatu vinazunguka mpini, cha shahada kinalala ukingoni mwa ubao, gumba kinapumzika tu juu ya mpira wa raketi, hakibani kitu.

Kwa hiyo sasa ninamsalimia mume wangu kwa mkono kabla ya chai. "Bonjour, bwana Godefroid." Kiganja chake ni kikavu, kina makovu ya injini. Sikumbuki mara ya mwisho nilikishika muda mrefu hivi bila kuwa tunavuka matope.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Ndege haikutua.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua. Mbao za meza zimevimba, mpira unaruka upande. Mkono: umefungua kitasa.

Jumanne, 15 Oktoba

Mike amerudi. Amefika kwangu sokoni amevaa miwani, ameshika kifurushi kama mtu aliyeleta pete ya uchumba. Nikafungua. Raketi nzuri, nyekundu, ya Wachina. Mpini mfupi kama kidole! Imetengenezwa hivyo hivyo kiwandani, kwa wanaoshika kama kalamu!

"Mike," nikasema, "hii njo nini?"

"Raketi, Mama Claire. Ya kwanza kabisa!"

"Nilikuambia mupini mulefu."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini muuzaji aliniuliza, huyu muntu anashika namna gani? Mi nikamujibu, ni muntu wa Kindu, anashika kama watu wa Kindu. Akanipa hii. Hata kukata haiombi!"

Na alisema kwa fahari, maskini. Wauza vitenge wenzangu walinishika mikono. Nilichomwambia Mike siandiki, maana Nathalie ni mlokole.

Jioni Godefroid alipoiona uso wake uling'aa, mara ya kwanza tangu Julai. Akaibana kwa vile vidole viwili. Ikadondoka. Akaitazama pale chini kwa muda, kisha akaisukuma kwa mguu polepole, chini ya kabati.

Nilitaka kumkumbatia nikaona haya, nikampigia kelele aoshe miguu.

Jumapili, 27 Oktoba

Mike amekwenda tena kwa ndege iliyofuata, na mara hii amerudi na raketi mbili, zote na mipini, ili tuchague. Nimemsamehe, nusu.

Ya kwanza ni nzito, ina sponji nene, mpira ukiigusa unaruka kama umechomwa. Ya pili ni nyepesi, sponji nyembamba, mpini unapanuka chini. Rangi yake mbaya, kijani ya supu iliyolala.

"Ipi?" nikamuuliza.

"Ile unataka wewe, Mama Claire."

"Mukono njo wa nani?"

"Wangu."

"Basi mukono wako uchague. Mi sina neno."

Nikakunja mikono. Mvua ikaanza, tukawa hatusikiani chini ya mabati. Akachukua nzito, nikamrushia, mpira ukapaa ukaangukia kwenye pipa la maji. Akajaribu tena, ukapita juu ya ukuta. Akachukua ile ya kijani. Mpira ukagusa, ukavuka wavu polepole, ukaanguka upande wangu kama mtu aliyebisha hodi. Akapiga tena, tena. Mara tukawa tunacheza, na raketi haikuchomoka.

"Hii," akasema.

Mpini ulikuwa mwembamba kidogo kwa kiganja chake. Akakata mwenyewe ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha, kwa mkono wa kushoto na meno. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimsaidie.

Jumatano, 30 Oktoba

Mkono: salamu, raketi, chai. Amepaka siagi mkate.

Jumapili, 10 Novemba

Tatizo jipya. Kwa ule mshiko wa zamani alitumia uso mmoja wa raketi kwa kila kitu, kulia na kushoto. Uso wa pili kwake haupo. Mpira ukija kushoto anapinda mkono kama anayejikuna mgongo. Nikamwambia, "Geuza kiganja, piga na mugongo wa mukono, sawa unafukuza nzi." Akajaribu. Mpira ukagonga taa.

"Pardon," akasema.

Ningetoa vitenge vyangu vyote nisikie tusi moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Amefukuza nzi vizuri leo.

Jumapili, 24 Novemba

Exaucé amekuja. Ni rafiki yake tangu enzi za ule mlango, fundi seremala, na mpini wa raketi yake aliukata mwenyewe. Wakacheza seti moja. Exaucé, ambaye zamani alikuwa tayari kupigana ngumi kwa pointi moja, alipiga mipira mibovu makusudi, akaitoa nje, akajifanya kuteleza. Godefroid akashinda. Majirani wakapiga makofi. Exaucé akamkumbatia, machozi yanamlengalenga.

Godefroid alitabasamu lile tabasamu lake jipya. Kisha akaifuta raketi kwa shati, akaingia ndani, akalala mchana wote uso ukutani.

Nilidhani amechoka.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua kubwa usiku, asubuhi imekatika. Tumefanya mazoezi kabla sijaenda sokoni. Mimi humpigia mipira mirefu, laini, katikati, ili airudishe. Leo ameacha mmoja upite bila kuugusa.

"Ni nini?" nikauliza.

"Ile bale ulinipa. Ni bale ya mutoto."

Nikainama kuufuata mpira chini ya meza, nikakaa kule zaidi ya ilivyohitajika. Sikutaka aone ninavyocheka.

Jumapili, 8 Desemba

Leo amenisema. Nitaandika yote.

Tulikuwa mezani, nikampa mpira wa katikati kama kawaida. Akaudaka kwa mkono wa kushoto, akauweka mezani, akaufunika kwa raketi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Hajaniambia "kaa" tangu Julai.

"Mama Claire, ulinikatia nyama. Nilinyamaza. Ulinifunga viatu. Nilinyamaza. Ukanipikia sombe haina chumvi, nikajua unanijaribu, nikasema aksanti."

"Ulijua?"

"Ulimi haukupooza! Nilisema aksanti juu ya vile niliona macho yako. Ulikuwa unaniangalia sawa maiti inakula. Nikawaza, nikipiga kelele sasa, huyu mwanamuke ataanguka. Basi niwe mupole kwanza. Kisha nikazoea. Muntu anazoea upole haraka, ni kama kulala. Exaucé naye anakuja ananiangushia pointi sawa anatoa sadaka kanisani. Na wewe kila asubuhi, bale ya mutoto, bale ya mutoto. Ni siku gani nitakuwa muntu?"

Miezi yote hii nimeandika hapa kwamba hospitali ilimfanya kondoo. Kumbe zizi nililijenga mimi, kwa mikono hii hii, kila nilipomfunga kamba za viatu. Upole wake ulinitisha, nami nikazidi kumtendea kwa upole, naye akaona ninavyomtendea akazidi. Tulikuwa tunabembelezana hadi kaburini.

"Jumapili ijayo," akasema, "match. Kweli kweli. Ukiniachia hata pointi moja nitajua, na hiyo raketi nitaitia mutoni, Lualaba."

Jumatano, 11 Desemba

Sijui nifanye nini. Nikicheza kweli, nitamshinda, maana nimeona udhaifu wake ulipo. Sasa anashika kama mimi, basi ana kiwiko kama changu. Na akishindwa, je, kama atarudi kulala uso ukutani? Nimempigia Claire, binti yetu anayesoma Kisangani. Ameniambia, "Maman, mupige."

Watoto wa siku hizi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mkono: umevaa shati na kufunga vifungo vyote, cha juu pia. Ametumia muda mrefu sana. Sikusogea.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua ilinyesha alfajiri ikakoma. Exaucé alikuja kuwa refa, Nathalie akaja na mkate. Seti tatu.

Ya kwanza nilianza kwa woga, mipira ya katikati. Godefroid akasimama, akatazama upande uliko mto, kama anayechagua sehemu ya kutupa kitu. Nikaelewa. Nikavua kitenge cha juu, nikakifunga kiunoni, nikampiga mpira wa kwanza kwenye kiwiko.

Akashtuka. Nikapiga wa pili pale pale. Akajikunja, hajui mbele wala nyuma, mpira ukamgonga tumbo. Jamani, Mungu anisamehe utamu ule! Miaka yote ile! Kiwiko, kiwiko, kiwiko! Nilichukua seti ya kwanza huku Nathalie amefumba mdomo kwa mkono.

Seti ya pili akajifunza. Alianza kusogea nusu hatua kulia kabla mpira haujafika, ili kiwiko kisiwepo nilipokilenga, na akafukuza nzi, tap, kwenye kona yangu ya kushoto. Akafanya tena. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa ametoa ncha ya ulimi, kama anavyofanya injini ikikataa kuwaka. Akashinda seti ile, kwa haki. Niliipigania kila pointi na ninaapa kwa jina la Mama.

Seti ya tatu sikumbuki kuvuta pumzi. Tulifika kumi kwa kumi, kisha kumi na moja kwa kumi, faida kwangu. Nikapiga mpira mrefu upande wake wa kulia. Ukagusa ukingo wa meza, ukingo kabisa, ukabadili njia ukaanguka chini. Nilisikia ulivyogusa. Exaucé akainua mkono kwangu. Nimemshinda Godefroid, mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa dunia.

Nikamtazama. Nathalie akamtazama. Raketi ya kijani ilikuwa imeganda hewani mkononi mwake, haikudondoka.

"Nje," akasema.

"Nini?"

"Bale ilikuwa nje! Iligusa mbavu ya meza, haikugusa juu! Exaucé, uko na macho ao uko na vifungo? Miaka ishirini unachonga mbao, haujui ukingo wa meza njo wapi?"

"Godefroid, iligusa..."

"Iligusa nini? Muliungana! Ulikula kwake bugali asubuhi! Na wewe Mama Claire, usijifanye unatafuta bale chini, nakuona unacheka!"

Akaipiga meza kwa kiganja cha kulia, wazi, kwa nguvu, mpaka wavu ukaanguka. Jirani akachungulia juu ya ukuta na kuku wake kwapani. Godefroid akamwita awe shahidi. Jirani akasema hakuona. Godefroid akamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kutoona, na tena ile fidia ya kuku hakustahili, maana kuku yule alikuwa mzee tangu wakati wa vita. Nathalie alikuwa amekaa chini analia na kucheka, mkate umemwangukia mapajani.

Sasa ni jioni. Nimepika samaki, nikamwita mezani. Amekataa. Yuko nje chini ya hangari na Exaucé, wamewasha tochi wanaukagua ukingo wa meza, na sauti yake inafika hadi barabarani, maana waendesha pikipiki wanapunguza mwendo wasikilize. Ameapa mbele ya watu kwamba hatakula na mimi sahani moja mpaka nikiri kwamba mpira ule ulikuwa nje. Nimemwekea samaki wake kwenye makaa, nimeketi hapa jikoni ninauma midomo, ninampenda mpaka kifua kinauma, na sikiri ng'o.